"Njema" Kabla ya "Ila"



Kila asubuhi twaulizana, "Habari za nyumbani?" nasi twajibu, "Njema, ila mtoto hawezi." Wageni wengine wamelicheka jibu hili, wakiliita uwongo. Sisi hatulioni hivyo. Aliyejibu hakuficha ugonjwa wa mtoto, ameutaja. Ila ametanguliza lililo jema, na msiba ukafuata nyuma yake.

Tazameni sasa wana wa Israeli jangwani. Kabla ya kutaka kurudi Misri kwa miguu, walikwisha kurudi kwa ndimi. Walikumbushana samaki, matango, matikiti na vitunguu, wala hapana aliyetaja matofali na fimbo za wasimamizi. Manung'uniko yana usahaulifu wake. Hata mwisho wakasemezana wajiwekee mkuu wa kuwarudisha utumwani. Na jambo hilo lilianza milangoni pa hema, watu wakizungumza habari za chakula tu.

Wazee wetu nao walitoka utumwani. Mwaka 1876 Askofu Steere alifuatana nao kutoka Unguja, wakikusudia kwenda hata Nyasa, wakakaa Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara wakawashambulia, wakaua watu na kuchukua mateka. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa moto. Siku kama hizo neno "njema" ni zito kinywani, wala mtu ambaye nyumba yake ni majivu asilazimishwe kucheka. Lakini kazi ilishikwa tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi.

Sisi walimu tuna deni hapa. Jioni barazani twasemezana: paa la shule lavuja, vitabu havitoshi, watoto wa mwaka huu ni wazito. Yote ni kweli. Lakini wakatekumeni huketi karibu nasi, nao husikia. Wakisikia "ila" peke yake, bila "njema" mbele yake, watajifunza nini juu ya Mungu tunayemwita mwema kanisani?

Twakiri kosa letu. Masika moja tulinung'unika siku zote, hata kijana mmoja akaacha mafundisho. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu, "Walimu, maneno ya kuondoka nimeyasikia kwenu." Tulikasirika siku mbili. Siku ya tatu tukaona kwamba amesema kweli, tukamwendea kwao.

Akatupokea mlangoni. "Karibuni, walimu. Habari za siku nyingi?"

Tukajibu, "Njema, ila tumekukosea."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika kivulini, tukaketi pamoja.