Honi Isiyolia

Kila mtu awe na daftari na kalamu. Leo tutajifunza habari za honi ya motokaa.

Tuseme bwana mmoja ana Volkswagen ndogo ya miaka ya 1960, ile yenye mgongo wa mviringo. Motokaa ya mwisho ya namna hiyo ilitengenezwa Mexico mwaka 2003, lakini za zamani bado zinatembea. Bwana huyu anabonyeza honi, kimya. Mtoto akikimbilia mpira barabarani, atamwonyaje? Basi anakwenda dukani, ananunua honi mpya, anaifunga. Bado kimya! Fedha zimekwenda bure, kwa sababu hakutafuta kwanza mahali palipoharibika.

Umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi ya ufunguo na fyuzi, hufika kwenye honi. Kutoka honi, njia huendelea mpaka kwenye usukani. Mkibonyeza kitufe, njia hiyo huungana na chuma cha motokaa, na umeme hurudi katika betri kwa chuma hicho. Mafundi huiita "ethi". Kumbukeni: kitufe hakipeleki umeme kwenye honi. Kazi yake ni kuunga njia ya kurudi. Njia ikikatika popote, honi hailii.

Sasa tuifuate njia hiyo. Tafuteni balbu ndogo yenye nyaya mbili. Iwe ya volti sawa na betri, 6 au 12.

Kwanza, fyuzi. Zimo chini ya dashibodi. Zimeni ufunguo, kisha itoeni fyuzi ya honi. Ncha zikiwa na kutu, zisugueni. Ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya kipimo kile kile. Msiweke kamwe karatasi ya bati ya pakiti ya sigara! Fyuzi ni mlinzi: huungua yenyewe ili nyaya zisiungue. Na katika motokaa hii, tangi la petroli liko mbele, karibu na fyuzi.

Pili, honi. Iko chini ya madigadi ya mbele, upande wa kushoto, mahali pa tope na maji. Washeni ufunguo, lakini msiwashe injini. Gusisheni waya mmoja wa balbu kwenye chuma kisafi cha motokaa, na wa pili pale umeme unapoingia katika honi. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, kosa liko nyuma: fyuzi, swichi au waya.

Tatu, kama balbu imewaka, chukueni kipande cha waya. Unganisheni upande wa pili wa honi na chuma kisafi, kwa muda mfupi tu. Msiguse upande unaoingia umeme, maana mtaunguza fyuzi. Honi ikilia, ni nzima. Kosa liko katika njia ya usukani. Isipolia, honi yenyewe ndiyo mbovu.

Nne, usukani. Chini yake, kwenye mhimili, pana kiungo cha mpira. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo pana waya mdogo wa kuupitisha hapo. Ukikatika au ukilegea, honi hunyamaza. Mwisho, safisheni kitufe.

Sasa swali. Honi ikilia yenyewe bila kubonyezwa, kosa liko wapi? Fikirini kidogo.

Naam! Njia ya kutoka honi kwenda kwenye kitufe inagusa chuma mahali fulani. Pengine waya umechubuka.

Kazi ya nyumbani: andikeni maneno haya, kila moja katika mstari wake: betri, swichi, fyuzi, honi, kitufe, chuma. Kisha choreni mshale kutoka neno hadi neno, mpaka mrudi kwenye betri. Aliye na karatasi hiyo mkononi hatanunua honi kabla ya kujua kosa liko wapi.

Kwaherini mpaka somo lijalo.