Ofisi Ndogo ya Wakili Husimama kwa Daftari

Somo letu leo ni ofisi ndogo ya wakili: chumba kimoja, meza moja, karani mmoja. Ofisi kama hii yaweza kustawi. Lakini haistawi kwa ufasaha wa mahakamani peke yake. Hustawi kwa kuandika.

La kwanza ni daftari la tarehe. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1971 kuhusu muda wa kufungua kesi yatoa miaka 12 kudai ardhi, na miaka 6 kudai haki ya mkataba. Tuseme mjane amenyang'anywa shamba. Karani hakuandika tarehe ya mwisho, nayo ikapita. Kesi yake itatupwa kabla shahidi hajasema neno. Mama amepoteza shamba. Wakili amepoteza jina.

La pili ni fedha. Fedha ya mteja ni amana. Iwekwe benki katika akaunti ya wateja, isichanganywe na ya wakili, na risiti itolewe siku ile ile.

La tatu ni ada. Ipatanwe na kuandikwa kabla kazi haijaanza.

Nanyi wanafunzi, mwendapo kwa wakili, ulizeni hayo matatu: tarehe, risiti, ada. Ombeni yaandikwe, kisha yasomeni wenyewe kwa macho yenu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali.