Kutu Haifunikwi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mwenye jembe, sufuria au nyumba ya mabati anakijua. Kitu hicho ni kutu.

Mwaka 2018 sisi wa parishi moja ya Pwani tulinunua matatu kuukuu ya abiria 14. Nia yetu ilikuwa njema. Mwinjilisti wetu na mkewe walikuwa wakisafiri kutoka Malindi kwenda Garsen na Hola, na mara nyingi walikosa mahali pa kulala. Tukasema, na tuondoe viti, tutie kitanda, kabati, jiko dogo la gesi na mtungi wa maji, ili popote jua litakapowachwea wawe na nyumba yao.

Gari lile lilikuwa limefanya kazi miaka mingi karibu na bahari, na chumvi huharakisha kutu. Chini ya zulia tulikuta madoa mekundu, na kando ya milango rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge. Tukamwita mzee mmoja, fundi wa kuchomelea. Alichukua bisibisi, akaisukuma pale palipovimba, ikapenya mpaka upande wa pili. Akatuambia, "Mchungaji, kutu haipakwi rangi. Kutu hukatwa." Akataka majuma matatu.

Lakini Askofu alikuwa aje kuliweka wakfu gari hilo baada ya siku 10, na kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Basi tukatafuta fundi mwingine. Alijaza puti mashimoni, akalainisha kwa msasa, akapaka rangi nyeupe. Juu ya sakafu tukapigilia mbao. Jumapili ile gari liling'aa, nasi tukapigiwa makofi. Fundi yule hatumlaumu, alifanya tulivyomwagiza.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Siku moja mke wa mwinjilisti alikuwa akivuta mtungi wa maji, mguu wake ukazama pamoja na ubao, ukachanwa na bati. Alishonwa nyuzi tisa. Tulipokwenda kumtazama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mlikuwa mnajua?" Nasi tulikuwa tunajua.

Tulimrudia yule mzee kwa haya. Naye, huku akifanya kazi, alitufundisha. Kutu si uchafu ulioshika juu ya chuma. Ni chuma chenyewe, kilichogeuzwa na maji na hewa. Tena kikigeuka hufura, kikaisukuma rangi, na maji yakapata njia mpya. Puti ikiwekwa juu ya kutu huachana nayo upesi, na katika ule ufa maji hukaa yasikauke. Na gari la kulala lina hatari zaidi: watu wakilala humo, pumzi zao na mvuke wa chai hugeuka matone juu ya bati baridi, nyuma ya mbao, mahali macho yasipofika. Ndiyo maana kutu huondolewa kwanza, na mbao huja mwisho.

Kwa hiyo aling'oa kila tulichopigilia. Alitenga waya za betri, akautoa mtungi wa gesi, akaweka karibu ndoo ya mchanga kwa ajili ya cheche. Akakwangua kwa brashi ya waya, akakata hata akafikia chuma kizima kinachong'aa. Shimo tulilodhani ni kama sarafu lilikuwa kama sinia! Alikata kiraka cha bati la chuma lenye unene ule ule. Bati la paa alilikataa, kwa kuwa zinki yake ikiungua moshi wake humdhuru mtu. Akachomelea kidogo kidogo, hapa na pale, ili bati lisipinde kwa moto. Siku ile ile akapaka rangi ya kuzuia kutu, juu na chini, kwa maana chuma kitupu hakifai kulala hata usiku mmoja katika hewa ya Pwani. Halafu akaziba maungio, ndipo akapaka rangi ya mwisho.

Mwisho akazibua vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango, vilivyokuwa vimezibwa na udongo na rangi yetu wenyewe. "Maji yataingia tu," alisema. "Yape njia ya kutoka."

Ndugu msikilizaji, mara ngapi tumehubiri Mathayo sura ya 6, juu ya hazina zinazoliwa na nondo na kutu, na sura ya 23, juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa! Na brashi ya chokaa tulikuwa nayo mkononi. Labda nyumbani kwako kuna ugomvi wa ndugu uliofunikwa kwa karamu. Labda katika chama chenu kuna hesabu isiyolingana iliyofunikwa kwa maneno matamu. Usidhani imelala pale. Inakula. Na siku sakafu itakapotoboka, mguu utakaozama huenda usiwe wako.

Kukata kunauma, na shimo huwa kubwa kuliko tulivyodhani. Hata hivyo kiraka hushika kwenye chuma kizima tu. Sisi tulisimama mbele ya washarika tukamwomba mama yule msamaha. Akatujibu, "Yamekwisha, Mchungaji. Lakini sakafu hiyo mpya nitaikanyaga mimi kwanza, kabla hamjaweka mbao." Akaikanyaga, nayo ikamchukua.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe tulichokifunika, na utupe moyo wa kukubali kikatwe, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yetu. Amina.