Mtundu: Mti wa Kivuli Unaovaa Wekundu Kabla ya Mvua



Mtu anayesafiri kutoka Kahama kwenda Ushirombo katika mwezi wa Septemba, wakati nyasi zimekauka na vumbi limetanda, huona jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Mvua haijanyesha hata tone, lakini palipobaki msitu wa miombo miti imekwisha kuvaa majani mapya: mengine rangi ya damu ya mzee, mengine rangi ya shaba, mengine mekundu yanayong'aa jua linapoyapita. Baada ya majuma machache wekundu hufifia na majani huwa ya kijani. Mti ulio mbele katika mapambo hayo ni mtundu, ambao wataalamu wa mimea huuita Brachystegia spiciformis. Jina lake lisimfanye mtu afikirie mtoto msumbufu. Mti huu ni mpole, ila una masharti yake, na asiyeyajua hupoteza nguvu na fedha ya chama bure.

Katika nchi za baridi, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, majani hugeuka rangi yanapokaribia kuanguka. Wekundu wao ni wa kuaga. Wekundu wa mtundu ni wa kuzaliwa. Jani changa hutoka likiwa laini, halijapata kijani cha kutosha, na wataalamu huona kuwa rangi hiyo hulikinga na ukali wa jua hadi likomae. Nguvu ya kutoa majani kabla ya mvua hutokana na maji na chakula kilichohifadhiwa katika shina na katika mizizi iendayo chini sana. Kwa hiyo mti ulio mwekundu ni mti unaotumia akiba yake.

Hapo ndipo ilipo faida ya mtundu mbele ya ghala la chama. Huacha majani kwa muda mfupi tu, kisha huvaa mengine mara moja, na katika Septemba na Oktoba, miezi ya joto kali kuliko yote, kivuli chake kimekwisha kurudi. Maua yake ni madogo na hayana fahari, lakini nyuki huyapenda mno, na asali nyingi ya Kahama na Bukombe ni ya miombo. Mvua ikianza, uyoga huota chini yake. Mjohoro na mwarobaini hukua upesi zaidi na si vibaya kuipanda, lakini hiyo haina haya yote.

Hatari kubwa ya mti huu ni moto, na ubaya wa moto hutegemea mwezi. Jambo hili lilipimwa huko Ndola, Zambia, ambako miombo ni kama ya Kahama na Geita, katika majaribio yaliyoanzishwa miaka ya 1930. Eneo liligawanywa vipande: vingine vikachomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vikakingwa na moto kabisa. Baada ya miaka mingi vipande vilivyochomwa mwishoni vilikuwa vimegeuka kuwa nyasi tupu na vichaka. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu, na vilivyokingwa vilizidi kusongamana.

Sasa mjumbe na atazame kalenda ya kijiji chake. Ni mwezi gani mashamba husafishwa na takataka kuchomwa? Ni mwezi uleule mtundu unapokuwa mwekundu. Moto wa Juni huunguza nyasi na kupita. Moto wa Septemba huunguza jani ambalo mti umelitolea akiba yake yote, na machipukizi ya kimo cha mtu hufa hadi ardhini. Kwa sababu hiyo chama kinachotaka miti hii hakina haja ya kutafuta tarehe katika kitabu. Njia za kuzuia moto zifyekwe na kulimwa mara baada ya mavuno, na jani jekundu la kwanza likionekana, viberiti vikae mfukoni.

Wengi huuliza habari za kitalu. Mtundu unaoteshwa kwa mbegu, lakini si kwa desturi ya mikaratusi. Ganda lake ni gumu kama ubao mwembamba, na likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Mwenye kungoja chini ya mti huambulia zilizotobolewa na wadudu. Maganda yachumwe yakiwa ya kahawia lakini hayajapasuka, yaanikwe juani yakiwa yamefunikwa kwa gunia au chandarua chakavu, na mbegu zipandwe mapema kwa kuwa hazivumilii kuwekwa muda mrefu. Hazihitaji maji ya moto wala kukwaruzwa. Zikipata unyevu huota upesi, na hapo mwenye kitalu hufurahi kabla ya wakati.

Yako mambo mawili yatakayomkatisha tamaa. La kwanza ni udongo. Mizizi ya mtundu huishi kwa ushirika na aina za uyoga zilizomo ardhini, ambazo huusaidia kupata chakula. Katika udongo wa jalala au wa shamba lililochoka mche hudumaa. Dawa yake ni rahisi wala hainunuliwi: udongo wa juu uchukuliwe chini ya mtundu mkubwa, uchanganywe katika viriba. (Huu ni ushirika wa zamani kuliko chama chochote.) La pili ni subira. Miaka ya mwanzo mche hujenga mzizi kwanza, na sehemu ya juu waweza kunyauka kila kiangazi na kuchipua upya masika. Mtu asiyejua huung'oa akidhani umekufa, naye akiung'oa huona mzizi mzima ulio mrefu kuliko alivyotarajia. Miche ya ghalani ipandwe mwanzo wa mvua, izungushiwe miiba kwa ajili ya mbuzi, ipaliliwe, na iachwe.

Lakini kwa chama chenye eneo, au mwanachama mwenye ngitili, kitalu si njia ya kwanza. Mitundu tayari imo ardhini. Penye visiki vilivyokatwa na kuachwa pana mizizi hai, na machipukizi yake hukua upesi kuliko mche wowote kwa kuwa yanalishwa na mzizi wa mti mzima. Kazi ni kuchagua mawili au matatu yaliyonyooka katika kila kisiki na kupunguza mengine. Kinachoua visiki ni kung'olewa kwa sururu, kuchomwa tanuri la mkaa juu yake, na moto wa mwisho wa kiangazi unaorudi kila mwaka. Kuchuna magome kuzunguka shina lote kwa ajili ya kamba au mizinga huua mti uliosimama, hata kama utachelewa kuonyesha.

Mkoa wa Shinyanga ulikwisha kutoa ushahidi. Nchi hiyo ilikatwa miti kwa vita dhidi ya mbung'o tangu miaka ya 1920, kisha kwa kilimo cha pamba, kuni na wingi wa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Mwanzoni ulitilia mkazo vitalu na miche ya kigeni. Ulipoigeukia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili ipumzike, ndipo nchi ilipoota. Ngitili zilizokuwa hekta mia chache katika hesabu za mwanzo zilifikia mamia ya maelfu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ililindwa na dagashida, na sungusungu wakawatoza faini wakaidi.

Hata hivyo desturi ya ngitili ina pengo moja kwa mtundu. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na hufunguliwa kwa ng'ombe kiangazi kinapokaza, yaani karibu na wakati wa majani mekundu. Nyasi zikiwa zimekwisha, mifugo hugeukia machipukizi. Wazee walikuwa wakifungua kipande kwa kipande, nao walikuwa na akili. Kipande chenye machipukizi mafupi kibaki kimefungwa mwaka huo hadi yavuke midomo ya ng'ombe.

Linabaki jambo gumu zaidi, ambalo makatibu wa upande wa Geita, Mbogwe na Kahama hulijua vizuri. Machimbo madogo ya dhahabu yanahitaji matimba ya kuegemezea maduara, na miji ya machimbo inahitaji mkaa. Mnunuzi huja na fedha taslimu mkononi wakati huohuo wa kiangazi, fedha ya pamba au tumbaku imekwisha kutumika na mbegu za msimu mpya hazijanunuliwa. Si haki kumwambia mwanachama asiuze kamwe. Ngitili ni mali, na mali hutumika. Lakini anayeuza shina moja moja, usiku, kwa bei ya mnunuzi, bila leseni ya kuvuna wala hati ya kusafirishia mazao ya misitu, huuza kwa hasara na hujitia hatarini yeye. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi kwenye ardhi ya kijiji, na kikundi kupewa sehemu kuisimamia. Chama kinaweza kuomba kwa njia hiyo, kikagawa eneo mafungu, kikavuna fungu moja na kuliacha lichipue huku mengine yakikua, na kuuza kwa pamoja kama kinavyouza pamba. Wakati wa kuamua hayo ni mkutano wa baada ya mavuno, mnunuzi akiwa bado hajafika.

Katibu na afungue ukurasa katika daftari la chama. Kila mwaka aandike tarehe ya jani jekundu la kwanza, tarehe ya mvua ya kwanza, kama moto uliingia na ulitokea upande gani, na idadi ya machipukizi katika visiki kumi vilivyopakwa rangi. Daftari hilo likabidhiwe pamoja na funguo za ghala kila kamati inapobadilika.