Moshi wa Donge: Zebaki na Viumbe Hai, Kutoka Machimbo ya Fizi Hadi Ufuko wa Kazimia



Mimi ni muuguzi, na katika semina hii niliombwa nieleze jinsi zebaki inavyodhuru viumbe hai. Maana ya neno wengi wenu mnaijua, kwa hiyo nitaipita mbio. Zebaki, ambayo machimboni huitwa merkuri, ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, nzito mara 13 na nusu kuliko maji. Ni adimu: katika gamba la dunia ni takribani sehemu 8 kwa kila milioni 100. Haiozi wala haiishi, hubadilika sura tu. Kuna metali yenyewe pamoja na mvuke wake. Kuna chumvi zake, zile zinazotiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua na kuharibu figo. Na kuna methili-zebaki, inayotengenezwa na bakteria kwenye tope na maji yasiyo na oksijeni.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kilimwaga taka baharini, samaki wakala, paka wakaanza kuanguka kwa kifafa, kisha watu. Wapo akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu lakini wakajifungua watoto walioharibika ubongo, kwa sababu sumu hii huvuka kondo la nyuma. Kwetu nako, Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, chini halina oksijeni, na mto pekee unaotoka humo ni Lukuga, polepole sana. Kinachoingia humo hukaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu samaki wa upande wa Kigoma ulionyesha kwamba zebaki huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine. Kwa hiyo ndagala hubeba kidogo kuliko sangala mkubwa. Sikubaliani na wanaowaambia watu wa Kazimia waache samaki. Mtawapa nini badala yake?

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimepigana nalo miaka mingi.

Semina zetu huzungumzia ziwa. Mimi naomba tuzungumzie sufuria. Katika machimbo ya Fizi, huko Misisi na Lubichako, mawe hutwangwa, unga huoshwa, merkuri huchanganywa kwa mikono mitupu, hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge la dhahabu na zebaki. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki. Kisha linachomwa katika sufuria, mara nyingi ndani ya nyumba, mlango umefungwa, mama akiwa na mtoto mgongoni. Nimeiona sufuria ileile ikirudi mekoni jioni. Negosia, yaani mnunuzi wa dhahabu, naye akishanunua huichoma tena, maana zebaki haijaisha, na chumba chake hakina hata dirisha.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta hubaki nao takribani asilimia 80 mwilini. Kutoka mapafu huingia damu, kutoka damu huingia ubongo na tumbo la mjamzito. Huko hushikamana na protini na kuzizuia kufanya kazi yake. Mikono hutetemeka, ufizi huvimba, mtu husahau, hukasirika bila sababu. Kijana mmoja mchoma donge alishindwa kushika kikombe cha chai. Wengine walisema ni pombe, na jamaa zake wakaanza kumtafuta mchawi. Tungekuwa na kipimo, pengine bibi mmoja asingenyooshewa kidole kuwa ndiye mchawi.

Kuhusu kipimo, nasema kwa heshima, bila kuingilia mamlaka ya idara yoyote. Anayevuta mvuke hupimwa mkojo. Anayekula samaki wenye sumu hupimwa nywele. Wageni walikuja, wakakata nywele za wachoma donge, wakaondoka. Niliandika barua kuomba chupa za mkojo na njia ya kuzipeleka maabara. Nikaandika tena. Jibu lilikuwa nisubiri, na bado nasubiri.

Tena tumebandika mabango: «Chomeni nje». Nani atatoka nje na donge la dhahabu katika nchi yenye watu wa bunduki? Watu hufunga mlango kwa kumwogopa mwizi, na hofu yao ni ya haki. Bango lisilojibu hofu hiyo ni karatasi tu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataja kuchoma donge katika makazi miongoni mwa mambo 4 ya kukomeshwa. Hausemi mchimbaji alinde vipi mali yake, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Mapendekezo yangu ni haya. Kila machimbo yawe na chumba kimoja cha kuchomea, mbali na nyumba, chenye bomba refu la moshi, kikilindwa na watu ambao wachimbaji wenyewe wamewachagua. Ndani yake kiwepo chombo cha chuma kilichofungwa, chenye mrija unaopozwa kwa maji. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, mvuke hupoa ndani ya mrija, na sehemu kubwa ya merkuri hurudi kutumika tena. Mchimbaji ataelewa hesabu hiyo haraka kuliko hotuba yangu. Wanegosia nao wafunge chombo hicho kabla ya kupewa kibali. Unga uoshwe vizuri kwanza, zebaki itiwe kwenye mchanga mzito uliobaki tu, isitiwe kwenye unga wote. Wajawazito na watoto wasikaribie kazi ya zebaki, hata wale wanaotwanga mawe. Wakunga wamwulize kila mjamzito: nyumbani kwenu wanachoma donge? Wanaotetemeka wapimwe mkojo, nairudia, mkojo. Samaki wapimwe pia, wadogo na wakubwa, kwa majina yao, na majibu yasomwe hapa ufukoni kabla hayajapelekwa Bukavu au Kinshasa. Maji ya milima yetu mengine hushuka ziwani, mengine hufuata mto Luama kuelekea Lualaba, kwa hiyo wenzetu wa upande huo waalikwe semina ijayo.

Na chumba cha kuchomea, ambacho nimeshakitaja, kijengwe kabla ya bango lingine kuchapwa. Sufuria za mekoni zitengwe na donge leo hii. Hilo halihitaji barua.