Somo: Mbwa wa Jirani Akikuuma

Wekeni daftari na kalamu mbele yenu, maana somo la leo lahitaji vyote viwili.

Tuseme wewe wakaa Mbagala, au Mwananyamala. Jioni wapita kichochoroni, mbwa wa jirani atoka uani na kukuuma mguu. Mwenyewe asema, "Pole, ndugu yangu, mbwa huyu hana desturi hiyo." Utafanya nini?

Kwanza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Nenda hospitali siku ile ile. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, ni vigumu mno mtu kupona. Lakini chanjo ikianza mapema humwokoa. Sindano zake si moja, maliza zote.

Pili, nenda kituo cha polisi, uombe fomu namba 3, ile iitwayo PF3. Daktari ataandika humo habari za jeraha lako. Kidonda hupona, lakini karatasi hubaki. Itunze.

Tatu, msimwue mbwa kwa hasira. Mwambieni afisa mifugo, mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini wewe usingoje siku hizo ndipo uende hospitali.

Sasa, sheria yakupa njia gani?

Njia ya kwanza ni mapatano. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Jirani akikubali kulipa gharama za matibabu, nauli na siku ulizokosa kazi, yaandikwe mbele ya mashahidi. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ambayo hukuisoma.

Njia ya pili ni jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, yamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hakuzuia hatari ya mnyama wake. Shauri hili huendeshwa na Serikali.

Njia ya tatu ni kudai fidia katika Mahakama ya Wilaya. Kanuni tunazozifuata hapa zilitoka Uingereza, zikapokewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Mwenye mbwa akiwa alijua kwamba mbwa wake huuma watu, hulipa hata kama hakuwa mzembe. Kama hakujua, ni juu yako kuonyesha uzembe wake, kwa mfano aliacha lango wazi. Basi waulize majirani: mbwa huyu amepata kumwuma mtu mwingine? Andika majina yao. Usikawie, maana muda wa kudai ni miaka 3 tangu siku ya kuumwa. Huna fedha za wakili? Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya wasio na uwezo.

Jirani ni jirani, kesho mtazikana. Kudai haki yako kwa adabu si ugomvi.

Zoezi. Andika sentensi tano kana kwamba umeumwa leo: tarehe, saa, mahali, jina la mwenye mbwa, na majina ya mashahidi. Kisha msomee mwenzako.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.