Tujifunze Uongozi kwa Waliotutangulia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bisil)



Tumeombwa tuseme machache juu ya uongozi kwa sababu siku ya kuchagua wajumbe wetu wa kazini imekaribia. Lakini kabla ya kuwataja watu wakubwa, haina budi tuseme habari yetu wenyewe, ingawa yatutia haya.

Mwenzetu mmoja, mpakiaji, alidaiwa kwamba kondoo wawili walipotea katika zamu yake. Tajiri wake alimwita asubuhi, na kufika saa sita mchana alikuwa nje ya kazi. Sisi tulikuwapo sokoni siku hiyo. Tuliona, tukatikisa vichwa, tukaendelea kupakia. Jioni tulipokuwa tukinywa chai kila mmoja alikuwa hodari wa maneno. Mwenzetu akarudi kwao na nauli ya kukopa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba tajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, ampe kwanza sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Tena mfanyakazi huyo ana haki ya kuchagua mwenzake wa kazi, au mjumbe wa chama, awepo pale maneno yanaposemwa. Basi kiti cha mwenzake kilikuwapo kwa sheria, lakini hapakuwa na mtu wa kukikalia. Hatukukosa sheria, tulikosa kiongozi.

Sasa tuwatazame waliotutangulia.

Wa kwanza ni wa hapa hapa Umaasaini. Sote twamjua olaiguenani, msemaji wa rika. Wenzake humchagua kwa tabia yake, na hasemi kabla hajawasikiliza. Parsaloi ole Gilisho alikuwa kiongozi wa namna hiyo. Mwaka 1911 Serikali ya kikoloni iliandika mapatano ya kuwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia waje kusini. Mzee huyu hakujua kusoma. Hata hivyo yeye na wenzake walitafuta wanasheria, wakaishtaki Serikali mwaka 1912. Mwaka 1913 mahakama ikaitupa kesi, ikisema haina uwezo wa kuyaamua mapatano hayo. Walishindwa, lakini madai yao yaliandikwa, na hadi leo yanasomwa. Mtu asiyejua kusoma alifahamu kwamba neno lisiloandikwa hupeperuka. Je, sisi tuliosoma, madai yetu yako katika daftari gani?

Wa pili ni Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa. Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama kilichokuwa cha Wahindi peke yao. Hakukiacha hivyo. Kiligeuzwa jina, mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi wa kila taifa. Mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alifungiwa katika sehemu za mbali za kaskazini mpaka mwaka 1961. Alipotoka alitumia karatasi alizozitunza kuandika historia ya vyama vyetu. Hapa Bisil tuna Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu, Msomali na hata ndugu waliovuka Namanga kutoka Tanzania. Akifukuzwa wa kabila jingine, twasema si wetu. Makhan Singh hakusema hivyo.

Wa tatu ni Tom Mboya. Mwaka 1955 watu wa bandari ya Mombasa waligoma, naye alikuwa kijana wa miaka 24. Hakwenda kuwapigia makelele tu. Aliwasemea mbele ya baraza la usuluhishi, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Uhodari wake ulikuwa katika hesabu: kodi ya chumba ni kiasi gani, unga ni kiasi gani, na mshahara unaishia tarehe gani. Mjumbe anayeingia ofisini bila hesabu huzungushwa kwa chai na maneno matamu, kisha hutoka mikono mitupu.

Lakini tusiwasifu tu. Upo na upande wa pili, nao ndio unaotuhusu zaidi.

Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Walikutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na huko kikazaliwa chama kikubwa ambacho Chege Kibachia alikuja kukiongoza. Alikuwa mtu shupavu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Serikali ilimkamata, ikampeleka Baringo, akawekwa huko miaka mingi. Chama chake kikadhoofika mara. Kosa halikuwa lake. Ila sisi tujifunze: nguvu ya watu wengi ikiwekwa juu ya kichwa kimoja, adui hana kazi kubwa, atakiondoa kichwa hicho.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusiige sauti ya Mboya wala kutundika picha ukutani tukaona tumemaliza. Mtu mkubwa haigwi mwili wala jina, huigwa tendo lake, tena tendo moja moja.

Twaomba mambo manne. Kila mahali pa kazi wachaguliwe wajumbe wawili, sio mmoja, ili mmoja akiondolewa mwingine ajue kazi. Madai yote yaandikwe katika daftari, na tarehe. Ada isomwe hadharani kila mwezi, senti kwa senti. Na mfanyakazi yeyote akiitwa ofisini kwa kosa, asiingie peke yake, awe wa kabila lolote.

Anayetaka kuchaguliwa tusimuulize kama anajua kusema. Tumuulize: siku ile ya kondoo wawili, ulikuwa wapi? Nasi sote tutakuwa na aibu, kwa maana jibu ni moja. Lakini aibu ikikubaliwa huwa mwalimu. Yule atakayesema, "Nilikuwapo nikanyamaza, na sitanyamaza tena," huyo tumpe kura.

Kidole kimoja hakivunji chawa.